Mbwa Mdogo Nyumbani: Chakula Kinachomfaa na Kinachoweza Kumuua

Kwa miaka mingi, mbwa katika Kisii na Nyamira amekuwa mlinzi wa boma. Hula makombo ya obokima jioni, kisha hujitafutia mengine usiku. Siku hizi zipo pia familia, hasa mijini, zinazofuga mbwa wadogo wanaoishi ndani ya nyumba, kama vile Japanese Spitz na machotara wake. Mbwa hao nao hupewa makombo yaleyale, na hapo ndipo hatari ilipo. Kiasi cha sumu ambacho mbwa mkubwa wa kilo 30 hukistahimili kinaweza kumuua mbwa wa kilo 5.

Kiasi cha chakula

Mbwa mzima wa kilo 5 asiyefanya kazi nyingi huhitaji takriban kalori 350 kwa siku. Mtu mzima huhitaji 2,000 au zaidi. Kwa hiyo chapati moja ambayo mtoto anamrushia mbwa kwa mapenzi huwa ni zaidi ya nusu ya chakula chake cha siku nzima. Mbwa mdogo hunenepa upesi, na unene humletea maradhi ya viungo na moyo.

Mbwa mzima alishwe mara mbili kwa siku. Mtoto wa mbwa alishwe mara tatu au nne, kwa sababu akikaa na njaa kwa muda mrefu sukari hupungua mwilini, akalegea na hata kuzirai. Ili kujua kama kiasi kinatosha, papasa mbavu za mbwa. Zikihisika kwa urahisi bila kuchomoza, anakula vya kutosha. Zisipohisika, punguza chakula.

Mlo wa nyumbani unaofaa

Si lazima kununua chakula cha dukani. Takriban nusu ya mlo iwe ugali, wali, viazi au ndizi zilizochemshwa. Theluthi iwe nyama, mayai, maharagwe yaliyoiva vizuri au omena. Sehemu iliyobaki iwe mboga kama malenge, karoti au sukumawiki. Omena waoshwe kwanza ili kuondoa mchanga na chumvi, kisha wachemshwe. Ugali peke yake hushibisha lakini haumjengi mbwa.

Mlo usio na mifupa huwa na upungufu wa madini ya kalisi. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakaanikwa na kusagwa laini, husaidia: robo ya kijiko cha chai kwa siku inamtosha mbwa mzima wa kilo 5. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha mbwa wengi. Maji safi ndiyo kinywaji chake.

Jambo moja la kuzingatia jikoni: pakua chakula cha mbwa kabla ya kutia vitunguu, chumvi na viungo.

Vyakula vya kuepuka

Vitunguu maji na vitunguu saumu, viwe vibichi, vimekaangwa au vimo kwenye mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 25 hivi, yaani takriban robo ya kitunguu cha kadiri, zinaweza kumdhuru mbwa wa kilo 5. Dalili huchelewa siku kadhaa: ufizi hupauka, mbwa hulegea, na mkojo huwa mwekundu au wa kahawia. Kwa kuwa karibu kila mchuzi hukaangwa kwa kitunguu, kumwagia mbwa mchuzi uliobaki kila siku ni kumdhuru kidogokidogo.

Makadamia, ambayo baadhi ya wakulima wa eneo hili wameipanda, huwafanya mbwa kutetemeka, kutapika na kushindwa kusimama kwa miguu ya nyuma. Wengi hupona baada ya siku moja au mbili, lakini kokwa zilizoanikwa uani ziwekwe mbali nao.

Chokoleti, kahawa na majani ya chai vina kemikali zinazoupiga moyo wa mbwa mbio na kumtia kifafa. Kwa mbwa wa kilo 5, gramu 50 za chokoleti ya maziwa zinaweza kuanza kumdhuru. Poda ya kakao ni kali zaidi. Kijiko kimoja kidogo kinaweza kutosha. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo. Peremende na bazoka zisizo na sukari, zikiwa na kiungo kiitwacho zailitoli, hushusha sukari mwilini ndani ya saa moja na huweza kuharibu ini. Pombe, machicha yake, na unga wa mandazi uliokandwa kwa hamira lakini haujapikwa pia ni hatari.

Mifupa ya kuku na miiba ya samaki iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Magunzi ya mahindi na kokwa za avokado hukwama tumboni, na mara nyingi mbwa huhitaji upasuaji. Baada ya kula mahindi ya kuchoma, magunzi yasitupwe uani.

Dawa za maumivu za binadamu asipewe mbwa bila agizo la daktari wa mifugo. Sumu ya panya na dawa ya kupe ya ng'ombe zifungiwe mahali asipofika.

Mahindi yenye ukungu

Mvua katika nyanda hizi hunyesha karibu mwaka mzima, na kuanika mahindi ni kazi ngumu. Yakipata ukungu, wapo wanaosema, "Haya ni ya mbwa." Msemo huo ni wa kuacha. Ukungu huweza kutoa sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini na haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na maeneo jirani waliokula mahindi yaliyoharibika. Mbwa nao huuawa nayo, na mdogo hudhurika kwa kiasi kidogo tu. Mahindi hayo asipewe kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Anika mahindi hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5 kabla ya kuyahifadhi au kuyasaga.

Matumbo na maini mabichi

Ini au mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yenye vifuko vya maji huwa na mabuu ya tegu. Mbwa akiyala mabichi, tegu hukua tumboni mwake na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtoto anayecheza na mbwa huyo bila kunawa mikono anaweza kumeza mayai hayo, naye akaota vifuko kwenye ini au mapafu. Chemsha vyakula hivyo hadi viive. Vyenye vifuko vichomwe au vizikwe kwenye shimo refu. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu.

Akiwa anatoa udenda na hawezi kumeza

Wengi hudhani amekwamwa na mfupa, wakamtia mkono mdomoni. Usifanye hivyo. Dalili hizohizo ni za kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Mfungie mbwa mahali pa peke yake na uite daktari wa mifugo. Aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyeguswa na mate kwenye kidonda aoshe sehemu hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyohiyo kupata chanjo. Kenya inalenga kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu kufikia mwaka 2030, na chanjo ya mbwa kila mwaka ndiyo njia kuu.

Akila kitu cha sumu

Usimnyweshe chumvi, mafuta wala maziwa, na usimtapishe bila kuelekezwa na daktari. Andika alichokula, kiasi na saa. Chukua pakiti au mabaki yake na umfikishe kwa daktari wa mifugo kabla dalili hazijaanza, kwa kuwa msaada hufaa zaidi katika saa mbili za kwanza.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za mifugo na utoaji wa leseni za mbwa ni kazi ya serikali za kaunti. Wakazi wanashauriwa kuwaona maafisa wa mifugo katika ofisi za wadi au kaunti ndogo zao. Anayetafuta daktari wa kibinafsi ahakikishe kwamba amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na aihifadhi nambari yake ya simu mapema, kabla ya dharura kutokea.