Seva Moja, Wapangaji Watatu

Ukifungua mlango wa mbele wa nyumba ya kizamani ya Majengo, hapa Nyeri, unajikuta ukumbini. Vyumba viko kushoto na kulia, uani kuna bomba na bafu. Kila mpangaji ana kufuli yake na sufuria zake, lakini paa ni moja, msingi ni mmoja, na tokeni za stima hununuliwa kwa mchango. Wa chumba cha pili akihama usiku, wa chumba cha tano anaendelea kukoroma.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na sijapata mfano unaoishinda nyumba hiyo ninapoeleza kazi yangu. Mzee mmoja mwenye duka la jumla alikuwa ameshauriwa na muuzaji anunue seva tatu: moja ya mahesabu, moja ya ankara za eTIMS za KRA, na ya tatu ya kuhifadhi faili za ofisi. Akaniita.

“Kijana wangu, hizi tatu zitakula stima ya nani?”

“Mzee, wewe una ploti ya vyumba sita Majengo. Ulijenga nyumba sita?”

Akacheka, somo likawa limeisha nusu. Seva moja yenye nguvu inaweza kugawanywa vyumba. Programu inayogawanya huitwa haipavaiza, nami humwita keyateka: ndiye anayeamua mpangaji yupi apate kiasi gani cha prosesa, memori na diski. Wapangaji ni mashine pepe. Kila moja ina Windows au Linux yake na hudhani kompyuta nzima ni mali yake. Jambo lenyewe si geni. IBM walilifanya kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960, kisha VMware, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1998, ikalileta kwenye mashine za kawaida.

Leo makeyateka wanaotajwa zaidi ni wanne: ESXi ya VMware, Hyper-V ya Microsoft, Proxmox inayotoka Vienna, Austria, na XCP-ng ya Wafaransa wa Grenoble. Kwa biashara ya ukubwa wa hapa mlimani, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, nguvu zao hazipishani kiasi cha kukunyima usingizi. Tofauti kubwa iko kwa mwenye ploti, yaani kampuni iliyo nyuma ya programu, na jinsi anavyokuja kudai kodi.

Mwenye ploti wa VMware alibadilika Novemba 2023, Broadcom ilipokamilisha kuinunua. Kabla mwaka haujaisha, leseni ya kununua mara moja ikafutwa. Sasa unalipia kwa muda, na muda ukiisha unalipa tena. Februari 2024 ESXi ya bure nayo ikaondolewa. Ilirudishwa Aprili 2025, lakini fundi aliyekuwa amejenga kazi ya mteja juu yake alishaonja jinsi mtu anavyotolewa vyombo nje.

Chukua mashine moja tuhesabu. Wengi wetu hununua zile zilizotumika Ulaya, ex-UK, kutoka Nairobi. Tuseme Dell PowerEdge R720 yenye prosesa mbili, kila moja viini sita. Viini halisi ni 12. VMware huhesabu si chini ya 16 kwa kila prosesa, kwa hiyo utalipia 32. Windows Server, ambamo Hyper-V imo, huhesabu si chini ya 8 kwa kila prosesa, kwa hiyo utalipia 16. Proxmox haihesabu viini kabisa. Inahesabu soketi, yaani matundu ya kuchomekea prosesa, nazo ni mbili, tena ukiamua kutolipa itakuonyesha ujumbe kwamba huna usajili kila unapoingia, kisha ikuache ufanye kazi. Chuma ni kilekile.

Na chuma chenyewe kinaleta neno. ESXi ina orodha ya mashine inazozikubali, na matoleo mapya huziacha nje prosesa za zamani. Ukinunua ex-UK kabla ya kuisoma orodha hiyo, shauri yako.

Hyper-V ina heshima yake. Kama tayari umelipia Windows Server, umeshailipia, na kijana yeyote aliyezoea Windows hatapotea ndani yake. Ila toleo la Standard linakuruhusu wapangaji wawili tu wa Windows Server. Wa tatu akija, unalipia leseni ya mashine nzima mara ya pili. Toleo la Hyper-V la bure lilikomea kwenye lile la 2019.

Proxmox imekuwepo tangu 2008. Imejengwa juu ya Debian, ambayo ni aina ya Linux, unaiendesha kwa kivinjari, na tangu 2020 ina programu yake ya bakapu. Lakini usidanganyike: keyateka ni wa bure, Windows unayoiweka chumbani si ya bure. Halafu kuna suala la kadi ya RAID, ile inayokaa kati ya diski na seva na kuziunganisha diski ziwe kama moja. Mashine nyingi za ex-UK huja nayo, na ZFS, mfumo wa diski ambao wengi huutumia kwenye Proxmox, hutaka kuziona diski zenyewe bila mtu wa katikati. Fundi anayeiweka ZFS juu ya kadi hiyo hivyohivyo anakutengenezea msiba wa baadaye. Wataalamu wa Linux si haba, maana Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kiko papa hapa. Tatizo huanza kijana akipata kazi Nairobi na kuondoka na nywila kichwani.

XCP-ng sina ubaya nayo. Imetokana na Xen, kazi iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Ila siku ya shida, utampigia nani simu hapa Nyeri?

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Usiku kama huo ndio unaoonyesha ubaya wa kuwaweka wote chini ya paa moja: seva ikianguka, wapangaji wote wameanguka nayo. UPS peke yake haitoshi. Iunganishwe na seva kwa waya, ili betri ikikaribia kuisha keyateka azime mashine pepe moja baada ya nyingine kwa utaratibu. Waya huo mara nyingi huwa umo ndani ya boksi, na watu huutupa pamoja na boksi.

Kosa jingine ni la bakapu, nalo nililifanya mwenyewe. Nilipiga snapshoti, yaani picha ya mashine pepe ilivyo saa hiyo, kabla ya kusasisha programu ya mahesabu, nikasahau kuifuta. Miezi minne baadaye ilikuwa imevimba hadi ikajaza diski, na mashine zote zikasimama siku ya kulipa mishahara. Snapshoti si bakapu. Bakapu hukaa kwenye mashine nyingine, ikiwezekana nyumba nyingine.

Mzee nilimwekea Proxmox, mashine moja, diski za SSD, bakapu kwenye kompyuta ndogo iliyo nyumbani kwake Majengo. Kama angekuwa tayari na Windows Server iliyolipiwa na wapangaji wawili tu, ningemwekea Hyper-V bila kusita. VMware nawaachia wenye benki. Na mwenye duka lenye programu moja tu hahitaji keyateka yeyote.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji akuandikie kwenye karatasi mambo mawili: anahesabu viini au soketi, na mwaka wa pili utalipa shilingi ngapi. Akianza kuzungusha maneno, rudi nyumbani na pesa zako.