Ukinyimwa Mafao ya Ulemavu Marekani, Kata Rufaa, Usianze Upya

Wengi wanaoomba mafao ya ulemavu kwa serikali ya Marekani hukataliwa mara ya kwanza. Miongoni mwao wamo wazungumzaji wa Kiswahili: Wakongo waliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, Wakenya na Watanzania walioumia kazini au kushikwa na maradhi ya muda mrefu. Mara nyingi barua ya kukataliwa husomwa na mtoto wa shule, kwa kuwa ndiye anayejua Kiingereza, kisha familia huamua kwamba serikali imeshasema. Wengine huacha. Wengine huomba upya kabisa, na hilo nalo huwagharimu. Njia iliyo sahihi kwa walio wengi ni rufaa.

Kwanza, tujue kinachoombwa. Mafao ni ya aina mbili, yote chini ya idara ya Social Security. SSDI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1956, ni bima ya mtu aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Social Security kwa muda wa kutosha. SSI, iliyoanza kulipwa mwaka 1974, ni msaada kwa mwenye kipato na mali kidogo, hata kama hajawahi kuajiriwa. Mali ya mtu mmoja isizidi dola 2,000, na ya mke na mume dola 3,000. Nyumba wanayoishi na gari moja havihesabiwi. Mwaka 2025 serikali kuu ililipa SSI isiyozidi dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Mwombaji anaweza kuomba zote mbili kwa pamoja.

Wengi hujikwaa katika maana ya ulemavu. Sheria haitazami jina la ugonjwa. Inauliza kama hali yako inakuzuia kufanya kazi ya kukuingizia kiasi fulani (dola 1,620 kwa mwezi mwaka 2025, na zaidi kwa asiyeona), na kama itadumu miezi 12 au zaidi, au inatarajiwa kuishia katika kifo. Hakuna mafao ya ulemavu nusu. Kwa hiyo cheti kinachosema tu kwamba una kisukari na maumivu ya mgongo hakikufikishi mbali. Kinachosaidia ni maelezo ya daktari kuhusu uwezo wako: unaweza kusimama kwa dakika ngapi, kubeba uzito gani, kukaa muda gani kabla ya kulazimika kulala.

Hapa adabu zetu zinatuponza. Daktari anauliza, "Unaendeleaje?" Mama anajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu," hata kama usiku mzima hakulala kwa maumivu. Kwenye faili inaandikwa kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na faili hilo ndilo litakalosomwa na mtu ambaye hatamwona mama huyo kamwe. Mbele ya daktari, taja maumivu yako kama yalivyo, kila unapokwenda. Na idara ikikupangia daktari wake akupime, nenda. Kutofika bila sababu ya msingi kunaweza kufanya maombi yako yakataliwe.

Lipo pia suala la lugha. Tangu Aprili 2020, kutojua Kiingereza hakuhesabiwi tena kama upungufu wa elimu katika kupima maombi haya. Lakini kutojua kusoma na kuandika kwa lugha yoyote bado kunahesabiwa, hasa kwa aliyefikisha miaka 45. Kama hukusoma, sema wazi na iandikwe. Eleza pia kwa undani kazi ulizofanya katika miaka 5 iliyopita, maana hizo ndizo zinazopimwa.

Ukikataliwa, una siku 60 za kukata rufaa tangu ulipopokea barua. Idara inachukulia kwamba uliipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Subira huvuta heri, lakini si ndani ya siku hizo. Ukichelewa kwa sababu nzito, kama kulazwa hospitali, iandike na uombe kuongezewa muda. Faida ya rufaa ni kwamba inalinda tarehe ya maombi yako ya kwanza, na malimbikizo yako, yaani malipo ya miezi iliyopita, huhesabiwa kutokana nayo. Ukianza upya, unaweza kupoteza miezi mingi ya malipo.

Hatua ya kwanza ya rufaa ni mapitio ya faili yanayofanywa na mtu mwingine, na wengi hukataliwa tena. Usivunjike moyo, kwa sababu hatua ya pili, ya kusikilizwa na jaji, ndiyo yenye matumaini zaidi. Hapo unasikilizwa wewe mwenyewe, na una haki ya mkalimani bila malipo, kwa hiyo usimtumie mwanao. Ushahidi mpya ufikishwe angalau siku 5 za kazi kabla ya kusikilizwa. Mara nyingi huwapo pia mtaalamu wa ajira, ambaye jaji humuuliza kama kuna kazi yoyote unayoiweza. Ukishindwa, kuna Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya shirikisho.

Wakili hulipwa ukishinda tu, kwa kawaida asilimia 25 ya malimbikizo, bila kuzidi kikomo kilichowekwa (dola 9,200 mwaka 2025). Zipo pia ofisi za msaada wa kisheria zisizotoza chochote.

Mkimbizi ana saa nyingine ya kuiangalia: SSI yake kwa kawaida hukoma baada ya miaka 7 tangu alipopewa hadhi hiyo, asipokuwa raia. Ikiwa ulemavu wenyewe unamzuia kujifunza Kiingereza, fomu N-648 inayojazwa na daktari inaweza kumwombea msamaha wa mtihani wa uraia.

Kama umepata barua ya kukataliwa, tazama tarehe yake leo, hesabu siku zako, na uwasilishe rufaa kabla hazijaisha. Ushahidi mwingine unaweza kufuata baadaye. Tarehe ikipita, kuirudisha ni kazi ngumu.