Kabla Hujanunua Gitaa Jingine, Sikiliza Linavyovuma

Umewahi kununiana na mwenzi wako siku mbili nzima kwa sababu ya gitaa? Mimi nimewahi. Tena ukweni, Tarime, siku mbili kabla ya harusi ya shemeji yangu.

Mume wangu ni Mkurya wa Tarime na mimi ni Msambaa wa Lushoto. Tunaishi Dar es Salaam, na kama wanandoa wengi wa rika letu tuna akaunti moja tusiyoigusa: ya kiwanja. Yeye mchana ni mhasibu, jioni anapiga gitaa la besi na rafiki zake. Desemba 2023 mdogo wake alikuwa anaoa Mugumu, wilayani Serengeti, na ahadi ya kaka mtu ilikuwa moja tu: bendi yake ndiyo itakayopiga ukumbini.

Alhamisi jioni akalichomeka gitaa kwenye amplifaya pale sebuleni kwa wazazi wake. Badala ya muziki tukasikia "vuuuuu", mlio mzito usiokatika, kama jokofu bovu. Akabadilisha nafasi, ukaongezeka. Akapunguza sauti, ukapungua, lakini na muziki nao ukapotea.

"Limekufa," akasema. "Kesho namwagiza mtu Mwanza aniletee jipya."

"Kwa pesa gani?"

Akanitazama tu. Nikaelewa. Kiwanja.

Basi hapo nami nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema mbele ya wakwe: "Yaani tuuze kiwanja kwa ajili ya kelele zako?" Usiku ule kila mtu alilala ameutazama ukuta wake.

Maswali ya fundi

Asubuhi baba mkwe, mzee wa maneno machache, alituambia tukamwone fundi redio mmoja jirani na stendi. Mzee anajua vyombo. Ukutani kwake limetundikwa litungu, kile chombo cha Wakurya chenye nyuzi nane, na sauti yake ya kukoroma ndiyo utamu wake. "La kwangu hukoroma kwa sababu nataka," alisema. "Hilo lako lina sababu yake. Kaitafuteni."

Nikaenda naye, kwa shingo upande, nikijua nitashuhudia hasara. Fundi hakugusa bisibisi kwanza. Alianza na maswali.

"Mura, ukizima sauti kwenye gitaa lenyewe, kelele inabaki?" Mume wangu akajaribu. Ikakatika kabisa. "Basi amplifaya yako nzima, na waya wako mzima. Kelele inaingilia kwenye gitaa."

"Shika nyuzi." Akashika. Haikubadilika kitu.

"Sasa shika chuma cha pini, pale waya unapoingia." Akashika, na ule mvumo ukapungua papo hapo. Fundi akacheka. "Shemeji, ugonjwa tumeupata. Dawa yake haizidi bei ya kuku."

Akatueleza, na mimi nisiyejua hata noti nikaelewa. Chini ya nyuzi za besi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mno, maelfu ya mizunguko. Mafundi huiita pikapu, na wala si ile ya kubebea mizigo. Kazi yake ni kunasa mtikisiko wa nyuzi. Tatizo ni kwamba haichagui. Hunasa pia umeme uliomo chumbani: taa za tyubu, chaja, transfoma, nyaya za ukutani. Umeme wetu wa Tanzania unageuka mara 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini kwenye besi inatikisika mara 49. Ndiyo maana kwenye besi uchafu huo unakaa katikati kabisa ya muziki. Huwezi kuuondoa kwa kupunguza "bezi" bila kuondoa na gitaa lenyewe.

Mwili wa mpigaji nao unaokota kelele hizo na kuzisogeza karibu na pikapu. Kwa hiyo watengenezaji huweka waya mdogo kutoka kwenye kile chuma kinachoshikilia nyuzi hadi upande wa ethi wa gitaa. Ukigusa nyuzi, kelele iliyo mwilini inapata njia ya kuondokea. Kwenye gitaa la mume wangu waya huo ulikuwa umekatika. Huenda ni safari, huenda ni uzee.

Foili ya jikoni

Akafungua skrubu, akausafisha ule waya, akaurudisha kwa risasi. Kisha akatandika foili ya jikoni, ile ya kufungia nyama, ndani ya shimo lote zinamokaa nyaya. Risasi haishiki kwenye alumini, kwa hiyo akaiunganisha foili na ethi kwa skrubu na kipande cha waya. Penye hatari ya kugusana na nyaya za sauti akaweka tepu nyeusi. Foili hiyo ni kama ukuta: kelele za hewani zinaishia nje. Mafundi wenye uwezo hutumia karatasi ya shaba, kazi ni ileile.

Mvumo wote uliisha? Hapana, na fundi hakutudanganya. Gitaa hili lina pikapu mbili za koili moja moja, na foili haizuii kelele ya sumaku itokayo kwenye transfoma. Kwa hiyo akatufundisha mambo mawili: usisimame karibu na amplifaya, na fungua vitufe vya pikapu zote mbili sawasawa. Kwenye gitaa hili koili hizo zimezungushwa kinyume, basi kelele ya moja inaiua ya nyingine. Wazo hilo ni la zamani: mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo.

Tukalipa shilingi elfu kumi. Kiwanja kikapona. Nilidhani habari imeishia hapo.

Mugumu, hapa si mchezo

Ijumaa jioni tukapita Nyamongo, tukavuka Mto Mara, tukaingia Mugumu kwa ajili ya mazoezi. Mume wangu akashika besi, akasogea kwenye maiki kujaribu sauti. Mdomo ulipogusa chuma cha maiki, akaruka nyuma kama aliyeumwa na nyuki. Vijana wakacheka. Mimi sikucheka.

Kijana mmoja wa vyombo akaja na "suluhisho". Spika nazo zilikuwa zinavuma kidogo, akasema tuivunje ile pini ya juu ya plagi ya amplifaya, "mvumo unakwisha, sisi ndivyo tunavyofanya." Na kweli, wakati mwingine unakwisha. Lakini pini hiyo ni ya ethi. Ndiyo inayoupeleka umeme ardhini pale kifaa kinapovuja. Ukiivunja, ardhi inakuwa wewe.

Tukamwita fundi umeme. Akaweka mita kati ya nyuzi za gitaa na maiki, akatikisa kichwa. Miksa ilikuwa kwenye ekstensheni ambayo pini yake ya ethi ilishavunjwa siku nyingi. Umeme uliovuja ulifika hadi kwenye maiki. Upande wa pili, gitaa, ambalo sasa nyuzi zake zimeungwa vizuri na ethi ya amplifaya, lilikuwa likimsubiri mshikaji akamilishe njia: mdomo huku, mkono kule, moyo katikati.

Si stori za kutishana. Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, baada ya kugusa maiki isiyokuwa na ethi. Na swichi ya kawaida ya ukutani haikuokoi, maana hiyo hukata pale nyaya zinapozidiwa. Inayookoa ni ile ya kukata umeme unapovuja, na kumbi nyingi hazina.

Tukanunua ekstensheni mpya, tukachomeka miksa na amplifaya kwenye soketi moja yenye ethi nzima, fundi akapima tena. Mita haikusoma kitu. Na ule mvumo wa spika? Nao ukakwisha, bila pini kuvunjwa.

Ukitaka kujaribu nyumbani

1. Zima sauti kwenye gitaa. Kelele ikibaki, chunguza waya, amplifaya na umeme kabla ya gitaa.
2. Badilisha waya. Ikiwa "krakra" inakuja ukiutikisa, ni waya au tundu lake.
3. "Krakra" ikija ukizungusha kitufe cha sauti, kina vumbi. Kisafishe kwa dawa ya kupuliza ya mafundi redio.
4. Geuka taratibu huku umeshika gitaa. Mvumo ukipanda na kushuka, zima taa za tyubu na chaja moja baada ya nyingine.
5. Gusa nyuzi, kisha chuma cha pini. Mvumo ukipungua kwenye nyuzi, gitaa linahitaji foili. Ukipungua kwenye pini tu, waya wa ethi umekatika.
6. Ukipigwa shoti hata kidogo, acha. Usiguse tena mpaka fundi umeme apime. Na pini ya ethi haivunjwi, hata mara moja.

Jumamosi bendi ilipiga hadi usiku. Nilikaa karibu na jukwaa, na kwa mara ya kwanza nikaisikia besi yenyewe, safi, ikitembea chini ya nyimbo. Miaka minne ya ndoa nilikuwa sijawahi kuisikiliza.

Tuliporudi Tarime nilimwomba radhi kwa lile neno "kelele zako". Naye akaniomba radhi kwa kukigusa kiwanja moyoni kabla ya kuniuliza. Tumekubaliana sasa: chochote kikiharibika ndani ya nyumba, fundi kwanza, duka baadaye. Na gharama ikizidi elfu hamsini, tunakaa wawili.

Wewe na mwenzio mna gitaa lipi linalovuma pembeni, mnalotaka kulitupa kabla ya kulifungua? Jaribuni kwanza kuuliza mvumo unaanzia wapi.