Kwa nini VAT huvurugika malipo ya mtandaoni yanapounganishwa na programu ya uhasibu

WAFANYABIASHARA wengi wanaouza bidhaa mtandaoni huamini kwamba kazi ya uhasibu imekwisha pindi malipo ya M-Pesa na ya kadi yanapounganishwa na programu ya hesabu. Mteja akilipa, kiasi hicho hujiandika vitabuni bila karani wala kalamu. Mambo huwa shwari hadi tarehe 20 ya mwezi inapokaribia, siku ya mwisho ya kuwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, taarifa ya ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT. Hapo ndipo mwenye duka hutambua kwamba mauzo yaliyo katika programu, fedha zilizo benki na ankara zilizotumwa kwa KRA ni hesabu tatu zisizopatana.

Kiini cha tatizo ni kimoja. Ushuru huu hutozwa kwa mauzo, ilhali kinachosafirishwa hadi kwenye programu mara nyingi ni habari za malipo tu. Ujumbe wa malipo kutoka M-Pesa hubeba kiasi kilicholipwa, saa, nambari ya muamala na nambari ya akaunti iliyoandikwa na mteja. Hautaji kilichonunuliwa, wala hausemi ni sehemu gani ya fedha hizo iliyo ushuru. Programu hulazimika kukisia, na hukisia jinsi ilivyoagizwa siku ilipowekwa.

Chukulia duka linalouza mikoba ya ngozi kwa Sh11,600 kila mmoja, bei ambayo tayari ina VAT ya asilimia 16. Bei hiyo ni sehemu 116, ambapo 100 ni za muuzaji na 16 ni za Serikali. Ushuru basi ni Sh1,600, na mapato halisi ya duka ni Sh10,000.

Kosa la kwanza ni kupiga asilimia 16 ya fedha zote zilizoingia. Jibu huwa Sh1,856, na duka hulipa Sh256 zaidi kwa kila mkoba. Likiuza mikoba 100 kwa mwezi, Sh25,600 za faida huenda zisikostahili kwenda.

Kosa la pili hutokana na asili ya programu zenyewe. Baadhi yake zilibuniwa kwa kufuata desturi ya Marekani, ambako bei iliyobandikwa kwenye bidhaa kwa kawaida haina ushuru wa mauzo, nao huongezwa mteja anapolipa. Programu iliyoachwa katika mpangilio huo huchukua Sh11,600 kuwa bei kabla ya ushuru, huongeza Sh1,856 juu yake, kisha huonyesha kwamba mteja aliyekwisha kulipa kila kitu bado ana deni. Dawa yake ni kuchagua mpangilio wa bei iliyojumuisha ushuru kabla ya muamala wa kwanza kuingia. Kurekebisha mamia ya ankara baadaye ni adhabu tosha.

Kosa la tatu hujificha zaidi, na ndilo linaloweza kumtia mtu matatani. Kampuni zinazopitisha malipo ya kadi hukata ada yao kabla ya kutuma fedha benki. Ada ikiwa asilimia 3, mkoba wa Sh11,600 utaleta benki Sh11,252. Programu ikiandika kiasi hicho kuwa ndiyo mauzo, ushuru utakaoonekana ni Sh1,552, pungufu kwa Sh48. Mteja hakulipa Sh11,252. Alilipa Sh11,600, na Sh348 zilizokatwa ni gharama ya biashara inayopaswa kuandikwa peke yake.

Wahasibu wenye uzoefu hutumia akaunti ya mpito kati ya duka na benki. Mauzo yote huingia humo yakiwa kamili, pamoja na ushuru wake. Ada za kampuni ya malipo hutolewa humo, na fedha zinazotua benki pia hutolewa humo. Salio linalobaki linapaswa kulingana na fedha ambazo bado ziko njiani. Lisipolingana, kuna muamala uliosahaulika au ulioandikwa mara mbili. Hili la mara mbili hutokea sana pale ambapo duka na benki zote zimeunganishwa na programu, kila upande ukiandika mauzo yale yale. Mwenye duka asiyelitambua hulipia VAT mauzo ambayo hayakuwepo.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kwa mujibu wa Sheria ya VAT ya 2013, wakati wa mauzo ni ule unaotangulia kati ya kukabidhiwa kwa bidhaa, kutolewa kwa ankara na kupokewa kwa malipo, hata yakiwa ya sehemu tu. Mteja aliyelipa kwa kadi Januari 30 ni wa taarifa ya Januari, hata kama fedha zilitua benki Februari 2.

Kwa duka linalouza bidhaa mchanganyiko, kila bidhaa lazima iwekewe alama yake ya ushuru. Mkate wa kawaida, ambao pendekezo la kuutoza VAT katika Mswada wa Fedha wa 2024 liliondolewa baada ya lalama za umma, uko katika kiwango cha sufuri. Maziwa yasiyosindikwa yamesamehewa ushuru. Kwa mnunuzi hakuna tofauti, lakini kwa muuzaji ipo kubwa, kwani anayeuza bidhaa za kiwango cha sufuri anaweza kudai VAT aliyolipa aliponunua mahitaji ya biashara, na anayeuza zilizosamehewa hawezi. Kuziweka zote chini ya “0” ni kujinyima au kujidai kisicho haki.

Mteja akirudisha mkoba, kufuta muamala hakutoshi. Ankara ya marekebisho hutolewa, ikitaja nambari ya ile ya awali. Tangu mfumo wa ankara za kielektroniki wa eTIMS uanzishwe 2023, KRA huwa na nakala ya kila ankara iliyopita humo, na muamala uliofutwa katika programu pekee hubaki kuwa mauzo machoni pa mamlaka hiyo.

Anayechelewa kuwasilisha taarifa hutozwa Sh10,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa, na deni lenyewe huongezeka kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Sheria hiyo ya 2013 iliweka mauzo ya Sh5 milioni kwa mwaka kuwa kiwango cha kulazimika kujisajili. Muuzaji mdogo asiyesajiliwa hana ruhusa ya kutoza VAT. Anapofungua programu mpya, jambo la kwanza ni kuizima asilimia 16 ambayo huenda ameikuta imewekwa tayari, kabla risiti ya kwanza haijamfikia mteja ikidai ushuru usiokuwepo.