Mkono Unaomshika Panya Nao Ni Dawa

Huku kwetu Mushaki hata mtoto anajua: ng'ombe akishtuka wakati wa kukamuliwa, maziwa hayashuki. Hofu inaleta adrenalini, nayo inaizuia oksitosini, homoni inayoshusha maziwa. Kiwele kimejaa, ndoo tupu.

Sasa tuingie labo. Panya akiogopa, ubongo wake unaamuru homoni za msongo zipande kwenye damu. Mwaka 2010, Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya wanaoinuliwa kwa mkia wanakuwa na wasiwasi kuliko wanaobebwa ndani ya bomba au kwenye viganja. Mwaka 2014, timu ya Jeffrey Mogil huko Kanada ikaona jambo la kushangaza zaidi: harufu tu ya mwanaume inawatia panya hofu, hadi wanaonyesha maumivu kidogo.

Hatari unaiona? Tuseme unapima jani la kutuliza maumivu. Panya waliopewa jani wameshikwa na mwanaume, wasiopewa wameshikwa na mwanamke. Utaandika "dawa inafanya kazi", kumbe ni hofu. Na kesho mgonjwa atainywa dawa hiyo.

Nikisoma kazi za kumaliza masomo, ninakuta kipimo cha dawa na uzito wa panya, aliyewashika haandikwi. Basi tufanye hivi: tuwazoeze panya siku kadhaa kabla ya jaribio, mtu yuleyule ashike makundi yote kwa namna ileile, na tuliandike hilo katika ripoti.