Mchicha kwenye ndoo, bila kufuga mbu

Mama, huhitaji shamba ili mtoto apate mboga. Hata kama umepanga chumba kimoja Mbagala au Bunju, ndoo iliyopasuka au kiroba cha unga kinatosha. Toboa matundu chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kisha mwaga mbegu za mchicha. Baada ya wiki 3 hadi 4 utaanza kuchuma. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula mchicha uliopikwa na kupondwa. Usitumie dumu lililowahi kuwekwa dawa ya wadudu, hata ukiliosha.

Kuwa makini na maji. Mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama: kisahani chini ya chungu cha maua, kopo tupu, tairi. Ndani ya siku 7 hadi 10 yai linaweza kuwa mbu kamili. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Kila wiki, mwaga maji hayo na usugue visahani, maana mayai hunata pembeni. Funika ndoo za maji ya kutumia.

Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya akapimwe. Usimpe aspirini wala ibuprofeni. Kama ni dengue, zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.