Bodaboda na simu: Gharama ya kupokea ukiwa mwendoni

Msimu wa ununuzi wa pamba katika Mkoa wa Simiyu kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Kuanzia hapo fedha huingia vijijini, na mwenye pikipiki mjini Bariadi naye hutarajia kuvuna: kuna abiria wa kwenda mnadani, karani wa kwenda kituo cha kununulia pamba, na katoni za sabuni za kupeleka duka la kijijini. Sehemu kubwa ya kazi hizo hupatikana kwa simu. Swali la kibiashara ambalo wengi hawaliulizi ni hili: je, simu hiyo hupokelewa pikipiki ikiwa imesimama, au ikiwa inakwenda?

Wapo wanaodhani kwamba hilo ni suala la askari wa usalama barabarani peke yake. Kwa mwekezaji mdogo aliyeweka akiba yake kwenye pikipiki moja au mbili, ni suala la mtaji. Jibu letu kwa kifupi ni kwamba simu na ramani yake ni zana nzuri za biashara hii, mradi zitumike kabla ya kuondoka na baada ya kusimama. Zikitumika mwendoni, dereva hulipa kwa mwili wake na mwenye chombo hulipa kwa fedha zake.

BIASHARA ILIVYO

Pikipiki kubeba abiria kwa malipo ni biashara iliyotambuliwa kisheria nchini baada ya Sheria ya Leseni za Usafirishaji kufanyiwa marekebisho mwaka 2009. Kanuni zake zilitoka mwaka 2010 chini ya SUMATRA, na tangu mwaka 2019 msimamizi ni LATRA. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, na kwa hiyo mji huu umekua pamoja na bodaboda zake. Shughuli za mkoa zilipohamia hapa, mahitaji ya usafiri wa haraka kati ya ofisi, masoko na vijiji yaliongezeka.

Mara nyingi anayeendesha si mwenye pikipiki. Mwalimu, muuguzi, mwenye duka au mkulima aliyeuza pamba hununua chombo, kisha humkabidhi kijana kwa njia mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni hesabu, ambapo dereva hupeleka kiasi kilichokubaliwa kwa siku au kwa wiki na chombo hubaki kuwa mali ya tajiri. Ya pili ni mkataba, ambapo dereva hulipa kidogo kidogo hadi kiasi kikamilike na pikipiki iwe yake.

Katika njia zote mbili, fedha ya mwekezaji iko barabarani kila siku. Aidha, katika njia zote mbili simu ndiyo kiungo kati ya mteja, dereva na tajiri. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu tajiri mwenyewe ni mmoja wa watu wanaompigia dereva mara nyingi zaidi.

SEKUNDE MBILI NI MITA NGAPI?

Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa husafiri mita 11 katika kila sekunde. Dereva akitazama kioo cha simu kwa sekunde 2 ili aone nani anapiga, amekwenda mita 22 bila kuona njia. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, sekunde hizo 2 ni mita 33. Akisoma ujumbe mfupi kwa sekunde 5, ametembea mita 83, zaidi ya robo tatu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Katika barabara ya lami ya Bariadi kwenda Lamadi, au ya Bariadi kwenda Maswa, mita 83 zinatosha kundi la ng'ombe kuingia barabarani, mtoto kuvuka, au basi kusimama ghafla kushusha abiria. Kwenye njia za udongo mweusi wakati wa mvua, mita hizo zinatosha kuingia kwenye mkondo wa matairi ya lori na kuanguka bila kugongana na mtu yeyote.

Kuna pia suala la mikono. Katika pikipiki zinazotumika zaidi kwa biashara hii, mkono wa kulia hushika moto na breki ya mbele, na mkono wa kushoto hushika klachi. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha chombo. Dereva anayeshika simu kwa mkono wa kulia ameiacha breki hiyo. Anayeishika kwa mkono wa kushoto hana klachi, na usukani anauongoza kwa mkono mmoja akiwa na abiria mgongoni.

Baadhi ya madereva hudhani wamepata suluhisho kwa kubana simu kati ya sikio na kofia ngumu, au kwa kuvaa spika za masikioni. Mikono hubaki huru, ni kweli. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa karibu mara 4 zaidi wa kupata ajali kuliko asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haileti usalama mkubwa zaidi ya ile inayoshikwa. Sababu ni akili. Mtu anayebishana kuhusu bei ya mzigo hutazama barabara bila kuiona. Anayeziba masikio yote mawili hasikii honi ya lori lililo nyuma yake.

SHERIA NA FAINI

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura 168, ilitungwa mwaka 1973, miaka 21 kabla ya kampuni ya Mobitel kuanza huduma ya simu za mkononi nchini mwaka 1994. Hata hivyo, kuendesha bila uangalifu ni kosa chini ya sheria hiyo, na dereva anayeyumba barabarani huku simu ikiwa sikioni hana utetezi mkubwa mbele ya askari.

Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilipunguza faini ya papo kwa papo kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja. Unafuu huo ulipokelewa vizuri vijiweni. Lakini mwekezaji asiupime uzito wa kosa kwa ukubwa wa faini. Shilingi 10,000 ndiyo gharama ndogo kuliko zote katika orodha.

Gharama kubwa iko kwenye bima, au tuseme kwenye kile ambacho bima hailipi. Bima ya lazima kisheria ni ile ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Hiyo huwakinga watu wengine walioumizwa na chombo chako. Haitengenezi pikipiki yako, wala haimtibu dereva wako aliyesababisha ajali. Mwenye pikipiki ambaye hana bima kubwa anabeba hasara hiyo peke yake.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa kufundishia, ambao msomaji anaweza kubadilisha tarakimu zake kulingana na hali ya kijiwe chake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Dereva anapokea simu akiwa mwendoni, anagonga ng'ombe, na pikipiki inalala gereji wiki 3. Hizo ni siku 18 za kazi, sawa na shilingi 180,000 zisizoingia. Spea na ufundi tuseme ni shilingi 220,000. Jumla ni shilingi 400,000, yaani hesabu ya siku 40. Bei ya ng'ombe hatujaiweka.

Sasa tupime gharama ya kusimama. Tuseme dereva anapigiwa mara 5 kwa siku akiwa njiani, na kila mara anaegesha pembeni kwa dakika 2. Hizo ni dakika 10 katika siku nzima, pungufu ya muda anaokaa kijiweni akisubiri abiria mmoja siku ikiwa mbaya. Hata tukisema kwamba kusimama huko kunampotezea abiria mmoja wa shilingi 1,000 kila wiki, kwa mwaka ni shilingi 52,000. Ajali moja ya shilingi 400,000 ni sawa na kupoteza abiria huyo kwa karibu miaka 8.

Mfanyabiashara anayeweza kununua kinga ya miaka 8 kwa bei hiyo na akaikataa, huyo hana tofauti na anayeacha duka wazi usiku ili kuokoa bei ya kufuli. Na katika hesabu hii hatukuingiza mguu uliovunjika, msiba, wala familia ya dereva. Hivyo havina bei ya soko.

RAMANI YA SIMU INAFAA WAPI?

Dereva mzaliwa wa Bariadi hahitaji ramani kwenda Somanda au Nyakabindi. Lakini mzigo wa kupeleka kitongoji asichokijua wilayani Itilima au Meatu ni jambo jingine, na kupotea kunakula mafuta. Ramani ya simu ina faida hapo, na ni vema kujua inavyofanya kazi.

Simu hupata mahali ilipo kwa kupokea mawimbi kutoka kwenye satelaiti za GPS. Kazi hiyo haihitaji mtandao wa simu wala kifurushi cha intaneti. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani. Kwa hiyo dereva anaweza kupakua ramani ya mkoa mzima akiwa mjini, na ikamsaidia hata mahali ambapo mtandao haushiki. Upungufu ni kwamba njia nyingi za vijijini hazimo katika ramani hizo, na ramani haijui kwamba mto wa msimu umejaa tangu jana. Ndiyo maana kuulizia kwa wenyeji kutaendelea kuwa sehemu ya kazi.

Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ina nguzo za majina na nyumba zina namba, na ipo programu ya simu iitwayo NaPA inayoonyesha anwani hizo. Mfanyabiashara anayetuma mzigo anaweza kumpa dereva anwani, au kumtumia alama ya mahali kwa WhatsApp, kabla pikipiki haijawashwa. Dereva aitazame njia, akariri vituo vitatu au vinne, kisha aweke simu mfukoni. Akipotea, asimame na kuitazama tena.

Wapo wanaofunga simu kwenye usukani kwa kishikio. Hiyo ni afadhali kuliko kuishika, lakini kioo kilicho mbele ya macho huita macho, na juani hakisomeki hadi dereva ainame. Aidha, mtikisiko wa injini una gharama yake. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake kwamba mitikisiko ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuharibu kamera za simu zake. Kwa pikipiki ndogo ilishauri kutumia kishikio chenye kupunguza mtikisiko, na bado simu isifungwe hapo kila mara.

Katika miji kama Dar es Salaam na Kampala, ambako abiria huita pikipiki kwa programu za Bolt au SafeBoda, dereva hulazimika kuitazama simu ili apate kazi. Madereva wa Simiyu ambao kazi yao hutoka kijiweni na kwa namba za wateja wao hawana shinikizo hilo. Ni nafuu ambayo haifai kutupwa bure.

MWENYE CHOMBO AFANYE NINI?

Kwanza, aache kumpigia dereva ili kujua yuko wapi. Kama ana wasiwasi na mali yake, kipo kifaa cha kufuatilia chombo kinachofungwa ndani ya pikipiki, ambacho hutuma mahali ilipo kwenye simu ya tajiri bila dereva kugusa kitu. Baadhi ya vifaa hivyo vinaweza kuzima injini kutoka mbali. Uwezo huo utumike pikipiki ikiwa imesimama tu, kwani kuzima injini ya chombo kilicho barabarani ni kutengeneza ajali kwa mkono wako.

Pili, sharti la simu liandikwe katika mkataba pamoja na mengine. Maneno machache yanatosha: dereva hapokei simu wala kusoma ujumbe chombo kikiwa kwenye mwendo, na tajiri hatamlaumu kwa kuchelewa kupokea. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo yenye nguvu. Kijana anayeogopa kunyang'anywa pikipiki atapokea simu ya tajiri hata akiwa katikati ya lami. Lazima aambiwe mapema kwamba jibu la "Bosi, nilikuwa naendesha" ni jibu sahihi.

Tatu, mteja wa mzigo naye abadili tabia. Mwenye duka anayepiga mara tatu kuuliza "umefika wapi?" anahatarisha katoni zake mwenyewe. Atume ujumbe mmoja, asubiri. Na akisikia upepo kwenye simu, aseme "simama kwanza unipigie", kisha akate.

Kabla msimu haujachanganya, mwenye pikipiki akae na dereva wake na kufanya hesabu hizi pamoja, kwa tarakimu zao wenyewe. Wakiona dakika 10 za kusimama ni ghali, basi wapitie gereji yoyote mjini na kuuliza bei ya kunyoosha fremu na kubadilisha foki ya mbele.